Makofi Tisa ya Mwita

Kabla hajampata Ghati, Vumilia alikuwa akijipigia kofi mwenyewe.

Msicheke kwanza, niwaeleze. Ukipiga video ya wimbo, wimbo wenyewe unafunguliwa kwenye spika na mwimbaji anaufuata kwa midomo. Kabla hajaanza, mtu anasimama mbele ya kamera na kugonganisha viganja mara moja, paa. Baadaye, kwenye kompyuta, kofi hilo ndilo linalokuonesha pa kupachika wimbo safi wa studio ili midomo na maneno viende pamoja. Ukishapachika, sauti chafu ya kamera unaizima, na kile kipande cha kofi unakikata na kukitupa. Hakuna mtazamaji anayewahi kukiona. Ni kazi ndogo, lakini inataka watu wawili, na Vumilia hakuwa na wa pili. Alikuwa anaweka kamera kwenye stendi, anabonyeza, anakimbia mbele, anapiga kofi lake, anakimbia kurudi nyuma, kijasho kinamtiririka. Wenzake wa chuo cha sanaa walikuwa wanamtazama kutoka ghorofani na kuangua kicheko, na katika mwaka mmoja na nusu hakuna hata mmoja aliyejisumbua kushuka ngazi.

Alikuwa mpweke, na sina sababu ya kulizungusha neno hilo. Bibi yake aliyemlea kule Kishapu alifariki Vumilia akiwa na miezi minne tu chuoni Shinyanga, na tangu hapo simu yake ikiita ujue ni kampuni ya simu inataka kumuuzia muziki. Chumba chake cha Ngokolo kilikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja na kompyuta ya mtumba. Mlango ulikuwa ukigongwa na mtu mmoja tu, Mama Jilala mwenye nyumba, tena kwa ajili ya zamu ya kufagia uwanja. Si kwamba Vumilia alikuwa na roho mbaya au alikuwa anaringa. Alikuwa na haya, basi. Mtu akimsalimia, mpaka yeye apate la kujibu, mtu ameshafika getini.

Muhula wa mwisho, Mwalimu Kalisti, yule wa masomo ya vitendo, akaandika majina kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia yake, akavichomoa viwiliviwili. Kila jozi itoe video moja ya wimbo wa mwanafunzi, na asiyetoa hahitimu. Vumilia akaangukia kwa Ghati Mwita. Darasa zima likamwonea Ghati huruma waziwazi, bila hata adabu ya kunong'ona.

Ghati huyo alikuwa Mkurya aliyekulia Nyasubi, Kahama, kwa mama yake anayeuza dagaa sokoni. Mrefu, mcheshi, na sauti ya kumwamsha mgonjwa. Siku ile ile, kabla ya jioni, akaja Ngokolo akagonga mlango, na Vumilia akatoka na fagio mkononi akijua ni zamu.

"Unanipokea na fagio?" Ghati akamwuliza. "Mimi nimekuletea michembe, wewe unataka kunifagia."

Wakala michembe hiyo, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga wamekaa kitandani, maana kiti kilikuwa kimebeba nguo. Ghati akamwimbia wimbo wake. Aliuita "Rudi na Vumbi". Unamhusu mtu aliyekwenda kutafuta dhahabu asirudi, na nyumbani wanamwambia dhahabu usituletee, rudi na vumbi la miguuni tu, litatutosha. Vumilia akasikiliza, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile akatamani jua lichelewe kuzama.

"Umemtungia nani?" akauliza.

"Baba yangu. Aliondoka nina miaka kumi na tano, na huu ni mwaka wa sita. Kuna mfanyabiashara kamwambia Mama amemwona kwenye mwalo mmoja huko mbele ya Geita, anaosha mchanga wa dhahabu. Ndiyo maana nataka tukapigie video huko huko. Mwalimu usimwambie."

Vumilia akaapa hatasema. Angemwambia nani, masikini?

Wakaanza na vipande vya Shinyanga. Wakapiga kando ya reli, wakapiga uwanjani kwa Mama Jilala kwenye kamba za nguo. Ghati alikuwa anajipigia kofi mwenyewe halafu anaanza kuimba, na Vumilia akawa hana tena haja ya kukimbia. Alisimama nyuma ya kamera yake ametulia, na mara kadhaa alijikuta anatabasamu peke yake huku jicho liko kwenye kioo.

Halafu wakaenda Geita.

Mwalo wenyewe ulikuwa mteremko wa udongo mwekundu, mbao zimeinamishwa na kutandikwa magunia, watu wanamwagia maji mchanga uliosagwa ili dhahabu inase kwenye gunia. Makarasha yalikuwa yananguruma pembeni yakisaga mawe, kiasi kwamba ukitaka kumwambia mtu jambo ni lazima umshike sikio. Mwita walimpata bila kumtafuta sana. Alikuwa amejikunja juu ya ubao, suruali imekunjwa hadi magotini. Ghati akasimama mbele yake. Mzee akainua uso, akamtazama, akajifuta mikono kwenye mapaja, akajifuta tena.

"Umekuwa mrefu," akasema.

Hawakukumbatiana. Walisimama tu wakitazamana, na Vumilia akageuza uso akajifanya anasafisha kamera.

Msimamizi wa pale, mtu mmoja mnene aitwaye Thobias, akawakubalia kupiga video kwa sharti moja: kamera isivuke kamba. Hataki midomo ya maduara yake, yale mashimo ya kuchimbia, ionekane kwenye simu za watu. Ghati kwa kuwa ni binti wa Mwita alivuka, Vumilia akabaki nje, hatua kama arobaini hivi. Akambania Ghati kwenye kola kile kimaiki kidogo kinachopeleka sauti kwenye kamera bila waya, akavuta lenzi mpaka mwisho. Kusikia alikuwa hasikii kitu, kwa sababu visikilizio vyake vilikufa tangu mwaka wa kwanza. Alikuwa anaangalia tu kale kamstari ka kijani kanakorukaruka kwenye kioo, ajue kwamba sauti inaingia.

Ghati alimwomba baba yake asimame naye kwenye video. Mzee akakataa katakata. Akamwomba hata picha moja ya simu. Akakataa.

"Sitaki watu wafungue simu zao waseme kumbe Mwita yuko huku anaosha mchanga," alisema. "Nikiwa na sura ya kuonekana, nitaonekana."

"Basi nipigie kofi tu, Baba," Ghati akasema. "Mikono yangu imeshika karai. Hicho kipande huwa tunakikata, hakuna atakayekiona."

Hapo mzee akakubali, na hakudanganywa, maana ndivyo kazi inavyofanyika. Karai lenyewe Ghati aliliokota dakika ile ile. Mwita akawa anasogea mbele ya binti yake, anatazama upande wa kamera, anapiga kofi moja la nguvu, anatoka. Walirudia mara tisa. Saa ya kuagana akasema atakuja kwenye mahafali, akipata viatu. Simu hakuwa nayo. Ghati akasema sawa, na njiani kote hakunyamaza kuimba mpaka kondakta akamwomba.

Basi zikaanza siku za kuediti. Kila siku baada ya vipindi Ghati alikuwa anakuja Ngokolo, anavua viatu, anajitupa kitandani na kuanza kutoa amri. Hapo kata. Hapo nimevimba uso, toa. Hapo acha, nimependeza. Walipika pamoja kwenye jiko la Vumilia, wakaunguza wali mara mbili. Mama Jilala akaacha kuuliza habari ya zamu, akawa anapita mlangoni anatoa salamu ya Kisukuma, "Mwadila," na kuchungulia huyu mgeni anayecheka hivi ni nani. Vumilia alinunua sahani ya pili na kikombe cha pili. Alivinunua siku moja, akaviosha, akavipanga juu ya vile vya kwanza, na akakaa anavitazama.

Na kazi ilikuwa inakwenda mbio, hilo ndilo lilikuwa tatizo. Vumilia alikuwa fundi. Alizima sauti ya kamera kama alivyofundishwa, akalinganisha kwa macho, pale viganja vinapokutana na pale kamstari ka sauti kanaporuka juu. Ilikuwa bado shoti za Geita tu, kazi ya siku tatu. Alhamisi moja mchana Ghati akaja, hakuvua viatu, akasimama mlangoni.

"Tumalize upesi, Vumi," akasema. "Kuna mambo yangu Nyasubi yananisubiri."

Vumilia akahesabu. Siku tatu. Baada ya siku tatu sahani ya pili itakaa kavu juu ya ya kwanza, na mlango utarudi kugongwa kwa ajili ya fagio. Hakuwa amepanga kusema lolote, naapa. Ulimi ulimtangulia.

"Shoti za Geita zimeharibika," akasema. "Kadi imekufa."

"Si ulishahamishia kwenye kompyuta?"

"Nilihamisha. Hazifunguki."

Ghati akakaa chini polepole. "Zote?"

"Zote."

"Hata mwanzo mwanzo wa kila shoti? Hata yale makofi?"

Vumilia aliona ni swali la ajabu. Nani anaulizia makofi? "Zote, Ghati," akarudia, kwa uso mkavu ambao hata yeye hakujua kuwa anao.

Ghati akakwaruza ukucha wa kidole gumba. Kisha akapumua. "Basi tutarudi," akasema. "Si hasara. Nitamwona tena mzee, na safari hii nimpelekee hivyo viatu."

Mnaona jinsi uongo unavyopokelewa vizuri wakati mwingine? Vumilia alikuwa amejiandaa kwa machozi, akapewa safari. Ghati alipoondoka, alizichukua zile shoti tisa, nzima kabisa, zinafunguka vizuri kabisa, akazificha kwenye folda aliyoiandika "Mazoezi ya Zamani". Akajiambia watapiga nyingine nzuri zaidi, hakuna aliyeumia.

Mwalimu Kalisti akawaongezea muda. Wiki mbili zile zilikuwa tamu kuliko zote Vumilia alizowahi kuishi, na nasema hivyo nikijua zilivyopatikana. Walikwenda sokoni kutafuta viatu, wakagombana kuhusu namba, Ghati akishikilia arobaini na tatu na Vumilia arobaini na mbili. Vumilia ndiye aliyekuwa sahihi, kwa kuwa alikuwa anamwona Mwita kila akibaki peke yake. Alikuwa anaifungua folda, anamtazama mzee akisogea, akigonga viganja, akitoka, bila sauti. Akishafunga alikuwa anajisikia vibaya. Kesho yake mlango unagongwa, anasahau.

Walipofika Geita mara ya pili, makarasha yalikuwa kimya.

Kamba ya Thobias haikuwepo. Mbao zilikuwa zimeng'olewa, mashimo yamebaki wazi, vipande vya turubai la bluu vinapepea kwenye miti. Mtu pekee waliyemkuta ni mama lishe mmoja, Paskalia, anafunga sufuria zake kwenye baiskeli.

"Mmechelewa, wanangu," aliwaambia. "Rashi imefumuka." Ndivyo wachimbaji wanavyosema dhahabu mpya ikisikika mahali, na ikisikika hakuna anayebaki nyuma. "Siku nne tu pameisha watu. Wengine wamesema wanakwenda huko Tabora porini, wengine Chunya. Mwita nilimwona amepanda lori. Huyo hajaniambia kitu, si msemaji."

"Hakuacha ujumbe?" Ghati akauliza.

"Angemwachia nani, mwanangu?"

Ghati alikuwa ameshika mfuko wa viatu. Akauhamishia mkono wa kushoto, halafu akaurudisha wa kulia. Wakarudi kituoni kwa miguu, na ni pale, kwenye benchi la kusubiria gari la Kahama, alipotamka lile neno.

"Unajua yale makofi nilimtegea," akasema. "Mikono yangu haikuwa na shida yoyote. Nilitaka tu asimame mbele ya kamera, hata kidogo, nimpelekee Mama sura yake. Kama zile shoti zingepona, leo ningekuwa nayo."

Hapo ndipo Vumilia alipaswa kusema. Benchi lilikuwa tupu, gari lilikuwa halijafika, muda ulikuwepo wa kutosha. Alifungua mdomo, akamwona Ghati anamlalia begani, kichwa chote na uzito wake wote, kama mtu aliyezoea kulala hapo. Hakuna aliyewahi kumlalia Vumilia begani. Akaufunga mdomo, na hilo, kuliko uongo wa kwanza, ndilo lisilonitoka kichwani.

Nyasubi walipitia kwa mama yake Ghati. Walimkuta sokoni nyuma ya mafungu ya dagaa, akafuta benchi kwa kanga yake wakae.

"Shikamoo, Mama," Vumilia akasalimia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye Vumilia huyu? Huyu mwenzako anakutaja mpaka tunachoka." Akaupokea mfuko wa viatu kutoka kwa Ghati, akauchungulia, akaelewa. Hakulia. Akausukuma chini ya meza yake, kisha akamgeukia Vumilia. "Wewe ulimtazama kwa kamera, na kamera inasogeza mtu karibu. Huyu hajui kueleza, nikimwuliza ananiambia eti yuko vilevile. Nieleze wewe. Amekonda?"

"Amekonda, Mama. Mashavu yameingia ndani."

"Ana mvi?"

"Anazo. Nyingi upande wa kushoto, juu ya sikio. Na ukucha wa kidole cha shahada umekufa, umekuwa mweusi. Akitaka kupiga kofi anapandisha bega kwanza, halafu anafumba jicho moja."

Mama Ghati akacheka, machozi yakamjaa. "Jicho la kulia," akasema. "Hata akichinja kuku ndivyo anavyofanya."

Ghati alikuwa anamtazama Vumilia. "Umemshika vizuri," akasema polepole. "Mimi niliyesimama naye sikuona hata hilo jicho."

Vumilia akainamia dagaa. Usiku ule na wa kesho yake hakupata usingizi, na mchana hakula. Kama angenyamaza, angebaki na Ghati, na mama mmoja Nyasubi angebaki anahadithiwa uso wa mume wake na mgeni. Kama angesema, Ghati angeondoka, na hakuwa na mtu mwingine hapa duniani. Alijaribu kutafuta njia ya tatu. Aseme amepata programu ya kufufua mafaili? Ingepita, Ghati si mtu wa kompyuta. Lakini alimkumbuka yule mama anafuta benchi kwa kanga yake, akajionea kinyaa.

Jumapili mchana Ghati alipokuja, Vumilia alikuwa ameshaiweka kompyuta mezani, nguo amezitoa kwenye kiti.

"Kaa," akamwambia. "Shoti za Geita hazikuharibika. Nilikudanganya. Ulisema tumalize upesi, nikaona tukimaliza hutakuja tena. Ninazo zote."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, bila kupamba, kwa sababu angesimama katikati asingeendelea. Ghati akamtazama kama anayesubiri sehemu ya pili ya utani. Haikuja. Akakaa kwenye kiti.

"Fungua," akasema.

Vumilia akafungua. Mwita akasogea, akapandisha bega, akafumba jicho, viganja vikakutana kimyakimya.

"Mbona hana sauti?"

"Sauti ya kamera huwa tunaizima. Sijawahi kuifungua."

"Ifungue."

Akaifungua. Makarasha yakaingia chumbani kwa kishindo, na juu yake, karibu kabisa kwa sababu ya kile kimaiki cha kwenye kola, ikaja sauti ya mwanaume mtu mzima. "Nipige sasa?" Na sauti ya Ghati: "Piga, Baba." Paa. Ghati akaweka mkono mdomoni. La pili. La tatu. Baina ya makofi walikuwa wanaongea, baba anauliza Mama anauza nini siku hizi, kama kibanda kinavuja bado. Vumilia alisimama nyuma ya kiti, mikono haijui pa kukaa, anasikia mambo yaliyokuwa yanaruka kwenye kamstari ka kijani mbele ya macho yake siku ile.

Kofi la saba, mzee akauliza, "Na yule binti kule nyuma ya kamera, mbona hasogei?"

"Kamera hairuhusiwi kuvuka kamba. Ni Vumilia, nasoma naye."

"Ni rafiki yako?"

"Huyo ni ndugu yangu, Baba. Chuo kikiisha namchukua tukakae Nyasubi kwa Mama, tufungue banda la kupiga video. Mama ameshakubali, chumba anakisafisha. Mwenyewe bado hajui. Ana haya sana, nikimwambia sasa hivi atakataa. Nasubiri tumalize hii kazi."

"Mwambie mapema," Mwita akasema. Paa.

Hakuna aliyeisimamisha. Kofi la nane likapita, la tisa likapita. La tisa mzee hakutoka haraka. Alibaki anatazama upande wa kamera, akainua mkono kidogo, kama anayemsalimia mtu wa mbali, na ile shoti ikaisha.

Ghati akachomoa flashi kwenye mkoba wake. Vumilia akazihamisha zote tisa, na mstari ule wa kuhamisha ukasogea taratibu mno. Hata samahani aliyoitoa ilitoka nyembamba, yeye mwenyewe hakuisikia vizuri.

"Siku ile niliyosema tumalize upesi, nilikuja kukuambia," Ghati akasema akiwa mlangoni. Hakupaza sauti, yeye mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa. "Nikasema acha tumalize kwanza. Ningekuja tu, Vumi. Hata bila video, ningekuja."

Akavaa viatu vyake, akatoka. Mama Jilala uwanjani akamwambia mwadila, na hakuitikiwa.

Video ilimalizika. Vumilia aliimaliza peke yake kwa siku tatu, kama alivyokuwa amehesabu, na makofi yote tisa aliyakata, maana mzee alikuwa ameahidiwa. Mwalimu Kalisti aliwapa alama za juu. Siku ya mahafali Ghati alikaa safu ya mbele na mama yake, na kiti cha pembeni yao kilikuwa na mfuko wa viatu mpaka sherehe ikaisha. Mwita hakuja. Vumilia alikuwa safu ya nyuma kabisa, na aliwaona vizuri tu.

Banda la Nyasubi lilifunguliwa, Ghati na binti mwingine wa darasani, Justa. Wanasema linakwenda vizuri. Ghati hajapiga simu. Aliyepiga, mara moja tu, ni mama yake. Vumilia aliona namba asiyoijua, akadhani ni wale wa kuuza muziki, akaiacha ikakatika. Baadaye ukaja ujumbe wa sauti.

"Mwanangu Vumilia, ni Mama Ghati. Nimemwona. Kweli amekonda, na lile jicho kalifumba. Namtazama kila siku kabla sijaenda sokoni. Ghati ananiambia ni wewe uliyehangaika mpaka zikapatikana. Mungu akubariki. Kile chumba nimeshakisafisha, Ghati hataki kuniambia unakuja lini. Unakuja lini?"

Ameusikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na mpaka leo hajajibu. Sahani ya pili ipo, anaiosha pamoja na ya kwanza.

Anaishi Ngokolo palepale. Anapiga video za sherehe za watu, kipaimara, harusi, kwaya. Wiki iliyopita alipiga kwaya moja. Waliposimama kwenye mistari yao aliweka kamera kwenye stendi, akabonyeza, akakimbia mbele. Akasimama anaitazama lenzi. Akapandisha bega, akafumba jicho moja, akapiga kofi lake, kisha akakimbia kurudi nyuma kabla wimbo haujaanza.